Sungura Jike: Kujua Kama Ana Mimba na Kumtayarishia Mahali pa Kuzalia



Katika matawi yetu, ya viwanda vya Nakawa na Jinja Road na hata ya mashamba ya miwa na chai, swali moja la ufugaji linaulizwa kuliko mengine yote. Mwanachama amempeleka sungura wake kwa dume la jirani, amemrudisha nyumbani, sasa anakaa anamtazama kila jioni akitoka kazini. Je, ameshika mimba au hakushika? Swali hili linaonekana dogo. Lakini ndilo linaloamua kama banda lako litalipa kitu au litakula mshahara wako tu, kwa hiyo tunalieleza kwa urefu.

Kwa nini wafanyakazi wanafuga, hilo halihitaji maelezo mengi. Kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na miaka ikapita bila kuguswa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa viwango vya mishahara, na Rais akakataa kuutia sahihi. Chama kinapigania mshahara, na kitaendelea kupigania, lakini mtoto anayefukuzwa shule kwa ajili ya karo hangoji mazungumzo yaishe. Mwenye chumba kimoja cha kupanga hawezi kufuga ng'ombe. Anaweza kuweka vizimba vitatu vya sungura nyuma ya nyumba, wasiolia, wasiochimbua bustani ya mtu, na wanaokula majani.

Tufanye hesabu ya karo. Muhula wa kwanza hufunguliwa karibu na Februari. Sungura anayelishwa zaidi kwa majani huwa tayari kuuzwa kwa nyama akiwa na umri wa miezi minne hivi. Basi, watakaouzwa mwanzo wa Februari ni lazima wawe wamezaliwa mwanzo wa Oktoba, na mama yao awe amepandwa mwanzo wa Septemba. Ukimpandisha tarehe 1 Septemba, akakosa kushika mimba, nawe ukangoja mwezi mzima na siku za matumaini juu yake ndipo ugundue kwamba tumbo ni tupu, umepoteza wiki tano. Februari itafika na sungura wako bado ni wadogo. Lakini ukijua siku ya kumi na mbili kwamba ni tupu, utamrudisha kwa dume mara moja, na hasara ni majuma mawili tu.

Jinsi jike anavyoshika mimba

Sungura si kama mbuzi au ng'ombe anayeingia joto kwa siku zake maalumu. Mayai ya sungura jike hukaa yakingoja. Kitendo cha kupandwa na dume ndicho kinachoyafungua, na yanatoka kama saa kumi baada ya hapo. Ndiyo maana wafugaji wengi hupandisha mara mbili siku moja, asubuhi kisha jioni, ili mbegu zipate nafasi nzuri zaidi.

Tabia hii ya mayai ilimtia sungura katika historia ya hospitali. Mwaka 1931 huko Marekani, Maurice Friedman na mwenzake walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba ukidungwa katika mwili wa sungura jike aliyetengwa na madume, mayai yake yanafunguka kana kwamba amepandwa. Kwa miaka mingi madaktari wakatumia sungura kupima mimba za wanawake. Mnyama huyo alichinjwa ili atazamwe ndani, mwanamke awe na mimba au asiwe nayo. Basi, sungura amewasaidia watu wengi kujua mimba zao, lakini mimba yake mwenyewe inatutaabisha.

Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, usimpeleke dume kwa jike. Jike ana wivu na mahali pake, anaweza kumuuma dume hata kumjeruhi vibaya. Ukiona dume amempanda kisha akaanguka ubavu, mara nyingi na kilio kidogo, kazi imefanyika. Kabla ya kumleta, tazama sehemu za siri za wote wawili. Kama kuna vidonda, au masikio yana magamba ya ukurutu ndani, usipandishe. Jambo hili ni kubwa zaidi pale wanachama kadhaa wanapotumia dume moja, kama inavyofanyika katika nyumba za wafanyakazi mashambani. Dume moja linatosha majike manane mpaka kumi, lakini ugonjwa mmoja nao unatosha majike hao wote.

Siku hiyohiyo andika tarehe. Usiiweke kichwani, maana kichwa cha mtu wa zamu ya usiku kina mambo mengi. Iandike kwa chaki kwenye kibao cha kizimba, au uizungushie duara kwenye kalenda ya ukutani. Asiyeandika tarehe hawezi kutumia sehemu iliyobaki ya makala hii.

Dalili zinazodanganya

Watu wengi hutazama tumbo. Tumbo la sungura halisemi kitu katika wiki mbili za kwanza, na hata wiki ya tatu linaweza kukudanganya, maana sungura aliyeshiba majani mabichi huvimba vilevile. Jike mnene aliyezoea maganda ya matoke na pumba huonekana ana mimba mwaka mzima.

Wengine humrudisha kwa dume baada ya siku kadhaa. Akikataa, akanguruma na kukimbia, husema ana mimba. Akikubali, husema hana. Sisi hatuutegemei upimaji huu. Wako majike wenye mimba wanaomkubali dume, na wako wasio na mimba wanaomkataa kwa sababu tu hawako tayari siku hiyo. Tena ugomvi ndani ya kizimba unaweza kumuumiza mwenye mimba.

Kupima uzito kunasaidia kidogo. Aliye na mizani ampime siku ya kupandwa, kisha siku ya kumi na nne, kabla ya kula. Kuongezeka uzito ni dalili njema, lakini jike kijana huongezeka kwa kukua tu. Kubadilika tabia, kulala sana, kula zaidi, kutopenda kushikwa, yote hayo yanaweza kuwa mimba na yanaweza yasiwe.

Hapa tuseme neno juu ya wauzaji. Sungura jike anayesemekana ana mimba huuzwa kwa bei kubwa kuliko mwenzake, maana mnunuzi anaona kama amenunua sungura saba kwa mpigo. Kuna wanachama wetu walionunua hivyo, wakabeba sungura katika boksi juu ya bodaboda mpaka nyumbani, wakangoja, wakangoja. Kama muuzaji hana tarehe ya kupandisha iliyoandikwa, na wewe mwenyewe hujapapasa tumbo ukaridhika, lipa bei ya sungura asiye na mimba. Kama kweli anayo, utakuwa umepata faida. Na akisema amepandwa jana, hakuna mtu duniani anayeweza kujua kama ameshika.

Kupapasa tumbo

Njia ya kutegemewa ni vidole. Siku nzuri ni ya kumi na mbili, na inaweza kuwa kati ya kumi na kumi na nne. Kabla ya siku ya kumi vitoto ni vidogo mno kwa mkono usiozoea. Baada ya siku ya kumi na sita vinakuwa vikubwa na laini, vinachanganyika na matumbo, na mtu anayejifunza hawezi kuvitambua vizuri.

Fanya asubuhi kabla ya kumpa chakula. Tandika gunia juu ya meza au sakafuni ili miguu yake isiteleze, maana sungura anayeteleza hukaza tumbo na hutahisi kitu. Mweke kichwa chake kikikuelekea wewe. Kwa mkono mmoja shika ngozi iliyolegea ya mabegani pamoja na masikio, kwa upole, usimning'inize. Mkono wa pili upitishe chini ya tumbo mpaka mbele kidogo ya mapaja ya nyuma, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili. Ngoja kidogo atulie. Akilegeza tumbo, peleka vidole mbele na nyuma polepole, ukibana kidogo tu, kama mtu anayepapasa parachichi sokoni kuona kama limeiva bila kulitia alama.

Kama ana mimba, utahisi vitu vya mviringo vilivyo laini, vimepangana kama shanga pande mbili za tumbo, vikiteleza kati ya vidole vyako. Siku ya kumi ni kama tunda la kahawa. Siku ya kumi na nne vimefikia ukubwa wa zambarau, hii tunayoiita jambula hapa Kampala. Usiwe na tamaa ya kuvihesabu. Ukishahisi viwili au vitatu, mwachie. Kubana kwa nguvu kunaweza kuua vitoto au kuharibu mimba yote, na yapo mabanda ambayo mimba zilitoka kwa sababu kila jirani aliyepita alipewa nafasi ya kujaribu.

Kinachowachanganya wanaojifunza ni mavi. Mavi ya sungura nayo ni ya mviringo na yanahisiwa tumboni. Lakini hayo ni magumu, madogo, yamekaa juu zaidi karibu na uti wa mgongo, na hayatelezi. Kitoto ni laini na kinakimbia kidole. Dawa ya kuondoa wasiwasi ni kupapasa kwanza jike ambaye unajua hakika hajapandwa, ndipo umpapase huyu. Fanya hivyo mara kadhaa, na vidole vitajifunza tofauti. Kina mama wanaochambua maharage au wanaochagua majani ya chai, tumeona, hujifunza kazi hii upesi kuliko wanaume wa kubeba magunia.

Ukikuta hakuna kitu siku ya kumi na mbili, papasa tena siku ya kumi na nne. Kama bado hakuna, mrudishe kwa dume. Usingoje.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo lazima ulijue. Karibu na siku ya kumi na sita mpaka ya kumi na nane, jike mwingine huanza kubeba nyasi kwa mdomo na kujinyonyoa manyoya kama anayetaka kuzaa kesho. Mwenye sungura hufurahi, hukimbilia kutengeneza sanduku, na hakuna kinachozaliwa. Hiyo ni mimba ya uongo. Mayai yalifunguka lakini hakuna kilichoshika, au jike alipandwa na jike mwenzake waliokaa kizimba kimoja, maana hata hilo linatosha kufungua mayai. Mwili wake umedanganyika kwa siku hizo, kisha unarudi katika hali yake. Si ugonjwa. Mara baada ya hapo huwa anakubali dume vizuri, basi mpandishe. Na ili jambo hilo lisitokee, kila jike mkubwa akae peke yake.

Hesabu ya siku

Mimba ya sungura ni siku 31. Wengine huzaa siku ya 30, wengine ya 32. Siku ya kupandisha yenyewe haihesabiwi. Tuchukue mfano ambao mwanachama hawezi kuusahau. Ukimpandisha tarehe 31 Machi, siku ya kupapasa ni tarehe 12 Aprili, sanduku la kuzalia linaingia tarehe 28 Aprili, na watoto wanazaliwa Mei Mosi, siku ya wafanyakazi. Siku hiyo kazi zimefungwa, ingawa tunawaomba mwende kwenye mkutano kwanza.

Mfano huo si mzaha mtupu. Sungura huzaa mara nyingi usiku au alfajiri. Mtu anayepanga siku ya kupandisha anaweza kuchagua uzazi uangukie siku ambayo yuko nyumbani asubuhi. Tazama kadi yako ya zamu, hesabu siku 31 mbele, ndipo umpeleke kwa dume. Aliye na zamu ya usiku wiki nzima apange na mke wake, au na mwenzake wa chumba cha pili, ili kuwe na mtu wa kutazama kizimba kukipambazuka. Wanachama wawili wanaofuga karibu wanaweza kupeana zamu za mabanda kama wanavyopeana zamu za mashine.

Sanduku la kuzalia

Watoto wa sungura huzaliwa uchi, macho yamefungwa, uzito wa kila mmoja ukiwa kama gramu 50. Hawana namna ya kujipatia joto ila kulaliana pamoja katika manyoya ya mama yao. Usiku wa mvua hapa Kampala, mtoto aliyezaliwa juu ya wavu wa kizimba amekufa kabla hujaamka. Tukihesabu hasara zote za wanachama, nyingi zimetokea hapa, kwa kukosa sanduku au kwa sanduku lililoingizwa wakati watoto wameshatoka.

Sanduku halihitaji fundi. Boksi la mbao linaloletea nyanya katika soko la Nakawa au Nakasero linafaa ukilikata. Urefu uwe kama sentimita 45, upana 30, na kimo 30. Mbele pawe na mlango uliokatwa, na kizingiti cha sentimita 15, ili mama aruke kuingia na watoto wasiweze kutoka. Kizingiti hiki kina sababu ya pili. Mtoto anaponyonya huweza kung'ang'ania chuchu, na mama akiondoka anamburuza. Kizingiti kinambandua arudi ndani. Sungura habebi mtoto wake kwa mdomo kama paka. Akishatoka nje, mama hatamrudisha.

Sakafu ya sanduku itobolewe matundu madogo ili mkojo utoke. Usitumie boksi la karatasi ngumu. Linalowa, linanuka, na mama analila. Sanduku lililotumika lisuguliwe kwa maji moto na sabuni, kisha likae juani mchana mzima kabla ya kutumika tena.

Tandika kwanza maranda ya mbao unene wa vidole vitatu. Maranda yanapatikana kwa maseremala, na Ndeeba ni mengi. Uliza kama mbao hizo zimetiwa dawa ya mchwa, na kama zimetiwa, usichukue. Vumbi laini la msumeno halifai kwa sababu linaingia puani mwa watoto. Juu ya maranda jaza nyasi kavu laini, au majani makavu ya mgomba yaliyochanwa nyuzinyuzi. Fanya shimo kwa ngumi upande wa nyuma. Mama mwenyewe atamaliza, atajinyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni na kuyatandika. Kwa kufanya hivyo anafunua pia chuchu zake kwa ajili ya watoto.

Liingize sanduku siku ya 28. Kuna wanaoliingiza siku ya 20 kwa kuona ni vizuri kujitayarisha mapema. Matokeo yake, jike analigeuza kuwa choo, na siku ya uzazi limeloa. Likiingizwa siku ya 31, yeye amekwisha kuzaa pembeni. Ukiweka mapema kidogo ukakuta kinyesi ndani, toa vyote, tandika upya.

Wiki hiyo ya mwisho anataka utulivu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwanamke aliyeajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na chama kimewatetea wengi walionyimwa. Sungura hana chama, basi mwenye banda ndiye wa kumpa likizo yake. Usimhamishe kizimba. Watoto wa mtaa wasimchezee. Mbwa asilale chini ya kizimba. Mwenye redio kubwa aielekeze kwingine siku hizo tatu.

Hapa kwetu adui mwingine ni siafu. Wakija usiku wanamaliza watoto wote na kumtesa mama. Miguu ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, na majani yasiguse kizimba na kuwatengenezea daraja. Panya nao hula watoto wachanga, kwa hiyo wavu uwe na matundu madogo yasiyopitisha panya.

Chakula na maji

Katika wiki mbili za kwanza mwenye mimba ale kama kawaida. Asinenepeshwe, maana jike mnene huzaa kwa shida. Kutoka siku ya ishirini vitoto vinakua upesi, basi ongeza. Majani ya viazi vitamu, ssere, nnanda, mchicha, yote ni mazuri yakinyaushwa kidogo ili yasimvimbishe. Kabichi nyingi inamharisha. Pumba za mahindi zisizo na ukungu zinamwongezea nguvu, na aliye na uwezo atie chakula cha dukani kidogo. Majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, hali kadhalika majani ya nyanya na ya viazi mbatata. Siku moja kabla ya kuzaa anaweza kuacha kula. Usihangaike.

Kwenu ninyi wa mashamba ya miwa, chai na maua tunasema jambo hili kwa msisitizo. Msimkatie sungura majani katika mistari iliyopuliziwa dawa, hata kama mvua imenyesha juu yake. Mtu aliyetoka kupuliza dawa asimshike sungura wala asimkatie majani mpaka amevua nguo za kazi na kuoga. Dawa inayomdhuru mnyama wa kilo nne inakudhuru nawe, na kama hupewi glavu, buti na maji ya kuogea, lete habari hiyo kwa mwakilishi wa tawi lako. Wa mjini nao wasikate majani ya kandokando ya mitaro ya maji machafu.

Maji yasikosekane. Tunajua jerikani moja ya maji inanunuliwa, na watu hubana. Lakini mama anayenyonyesha huweza kunywa lita moja kwa siku au zaidi, na mama mwenye kiu usiku wa uzazi ni mmoja wa wale wanaokula watoto wao. Watu husema ni uchawi au ni ukoo mbaya. Mara nyingi ni kiu, ni hofu, au ni ugeni wa uzazi wa kwanza. Akifanya hivyo mara moja, mpe nafasi nyingine pamoja na maji ya kutosha. Akifanya mara mbili, apelekwe jikoni.

Asubuhi ya uzazi

Uzazi wenyewe ni mfupi, wa dakika chache mpaka nusu saa hivi, na hauhitaji mkono wa mtu. Ukiona manyoya mengi sandukuni yanayotikisika, wameshazaliwa. Ngoja mama atulie, mpe majani anayoyapenda ili atoke sandukuni. Sugua mikono yako kwa nyasi za kizimba chake, fungua manyoya, uhesabu. Toa waliokufa na kondo lililobaki. Walio wazima wafunike tena.

Idadi ya kawaida ni sita mpaka wanane, ingawa wengine huzaa wanne na wengine kumi na wawili. Mama ana chuchu nane au kumi. Wakizidi wanane, na mwenzako ana jike aliyezaa katika siku mbili au tatu hizo na ana watoto wachache, mhamishie. Wapakae nyasi na manyoya ya sanduku jipya, uwachanganye katikati ya wenzao. Hii ndiyo faida ya wanachama wawili kupandisha majike yao siku moja.

Ukimkuta mtoto nje, amepoa kama jiwe, usimtupe upesi. Mweke ndani ya shati kifuani mwako robo saa au zaidi. Wengine hurudi.

Usishtuke usipomwona mama akikaa na watoto. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mara mbili, kwa dakika chache tu, na zaidi usiku. Tazama matumbo ya watoto. Tumbo la mviringo lililojaa ni la aliyenyonya. Ngozi yenye mikunjo ni ya mwenye njaa. Wote wakiwa na mikunjo siku ya pili, shika chuchu za mama. Zikiwa ngumu, za moto na nyekundu, ana ugonjwa wa matiti, mwone daktari wa mifugo. Vilevile, siku ya 33 ikipita na yule uliyempapasa ukahisi vitoto hajazaa, mpeleke kwa daktari, maana huenda vitoto vimekufa tumboni.

Macho ya watoto hufunguka siku ya kumi mpaka kumi na mbili, na wiki ya tatu wanaanza kutoka wenyewe, ndipo unaondoa sanduku. Waachishe wiki ya sita. Kwa chakula cha majani hatushauri kumrudisha mama kwa dume kabla ya hapo. Siku 31 za mimba na siku 42 za kunyonyesha ni siku 73, yaani mizao mitano kwa mwaka, na jike anayelishwa majani ya kuokoteza hawezi zaidi ya hiyo bila kudhoofika.

Mwenye kuanza kufuga ndani ya jiji aulize kwanza ofisi ya divisheni yake juu ya kibali, kwa kuwa Kampala ina sheria ndogo za kufuga mjini tangu mwaka 2006. Na anayetaka kujifunza kupapasa kwa mkono wake aulize katika tawi lake kama kuna mwanachama mwenye jike aliyefikisha siku ya kumi na mbili. Aende asubuhi kabla jike hajalishwa, na wasizidi watu wawili wa kujaribu juu ya sungura mmoja.